Fundi Friji na Bahari ya Ibadakuli

Kabla ya kuigusa friji yoyote kwa bisibisi, alikuwa anaikumbatia. Alipiga goti moja, akabana sikio la kushoto kwenye ubavu wake, akafumba macho, na mkono mmoja akauinua kuwanyamazisha wenye nyumba. Mtoto akilia, alisubiri anyamaze. Jogoo akiwika, alitazama mlangoni kwa chuki. Halafu alisimama, akajipangusa goti, akatoa hukumu, na mara nyingi hukumu yenyewe haikuzidi maneno mawili.

"Gesi imeisha." Au, "Waya umeungua." Au ile iliyoogopwa na wauza soda wote kuanzia Shinyanga mjini hadi Buseresere: "Imekufa, zika."

Nilikuwa jirani yake miaka kumi na miwili, ukuta kwa ukuta, pale Ibadakuli, upande ambao ndege ikishuka uwanjani unaweza kuwahesabu abiria wake kama una muda wa kupoteza. Mimi nilikuwa nao. Ni mtu wa kalamu. Nilikaa chuo kikuu miaka minne nikijifunza kueleza kwa nini watu huandika, na tangu hapo nimekuwa nikiandika makala kuhusu kazi zinazofanywa na watu wengine. Yeye alikuwa Fundi. Mtaa ulimwita hivyo, kanisa lilimwita hivyo, mkewe alimwita hivyo. Siku mke wangu aliponiuliza jina lake kamili ili aliandike kwenye kadi ya harusi, nilikwenda uani nikajifanya natafuta kuku.

Sasa niseme jambo ambalo msomaji wa Pwani hataliamini, na wa Shinyanga atadhani nimelewa. Fundi alikuwa na bahari sebuleni.

Lilikuwa tangi la kioo, refu kama kitanda cha mtu mmoja, lililokaa juu ya meza ya chuma aliyoichomelea mwenyewe. Ndani yake kulikuwa na maji ya chumvi, mchanga mweupe, mawe, samaki saba, na matumbawe hai. Narudia, hai. Mengine yalikuwa kama vitufe vya shati vilivyochanua, mengine kama nyuzi za sufi zinazopepea, na moja, kubwa kuliko yote, lilikuwa na matawi ya rangi ya zambarau yaliyokuwa yakinenepa polepole kila mwaka. Vipande vya kuanzia vilitoka kwa mfugaji mmoja wa Dar es Salaam, anayeyakata na kuyaotesha kwa kibali kama sisi tunavyopandikiza mihogo. Vilisafiri kwa basi ndani ya boksi la barafu. Chumvi maalumu ilikuja kwa ndoo, na Fundi aliikoroga kwenye pipa la bluu uani, akipima uzito wake kwa kidude cha kioo ambacho nilikivunja mara mbili nikijaribu kusaidia.

Yote haya yalikuwa kwa ajili ya Mama Pendo. Mkewe alizaliwa Mikindani, pwani ya kusini, akaolewa, akaletwa huku kwetu, ambako maji mengi kuliko yote ni ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Hakuwahi kulalamika. Alijifunza Kisukuma hadi akatania nacho sokoni, akaimba kwaya, akamzaa Pendo, mtoto wao pekee, ambaye sasa ni muuguzi Geita. Lakini asubuhi moja, akifagia, alisema kama mtu anayejisemea kwamba amesahau bahari inavyolia. Fundi alikwenda akafungua redio mbovu akaifunga, akaifungua tena. Baada ya miezi mitano tangi lilikuwa limesimama, na bomba la kurudishia maji alilikata mara nne, kila mara akilipinda kidogo, mpaka maji yakaanguka kwa ule mlio. Aliniambia kuwa samaki walikuwa nyongeza tu. Alichokuwa anakitengeneza ni sauti.

*

Ufundi wake wote ulisimama juu ya wazo moja. "Ubaridi hauingizwi," alikuwa akisema. "Joto ndilo linatolewa." Watu wanadhani friji inatengeneza baridi, kumbe inachofanya ni kuhamisha joto kutoka ndani kwenda nje, basi. Bahari aliiendesha kwa wazo hilohilo. Usafi hauwekwi ndani ya maji, uchafu ndio unaotolewa.

Na uchafu wenyewe ulikuwa na jina. Samaki akila, anakunya. Chakula kisicholiwa kinaoza. Vijidudu vinaugeuza uozo huo hatua kwa hatua, na mwisho wa safari inabaki naitreti. Ile haina harufu, haina rangi, maji yanang'aa kama kioo kipya na wewe unajisifu, kumbe matumbawe yanazibwa pumzi kimyakimya. Samaki wanaivumilia. Matumbawe hayaivumilii. Ikiwa tano kwenye kipimo, unalala. Ikiwa kumi, unawaza. Ikifika hamsini, yanaanza kujikunja.

Mara ya kwanza naitreti ilipompandia ilikuwa kwa kosa ambalo naamini halijawahi kufanywa na mfugaji yeyote wa matumbawe mahali pengine duniani. Visima vya kwetu vingi ni vya chumvi. Ukichimba ukapata maji ya chumvi, majirani wanakupa pole. Fundi alipochimba cha kwake akaonja, akatema, alicheka peke yake. Chumvi! Nusu ya bahari imeshajitengeneza yenyewe ardhini, yeye atamalizia nusu! Kwa wiki mbili alijaza tangi kwa maji ya kisima, na kwa wiki mbili naitreti ilipanda kama mtu anayekimbizwa. Alisafisha kila kitu. Alimshuku samaki mmoja mmoja. Hatimaye akapima maji ya kisima yenyewe, akakaa chini pembeni ya ndoo.

Kisima alikichimba palipokuwa zizi la baba yake, kwa sababu udongo pale ulikuwa laini. Laini kwa nini, hakujiuliza. Miaka arobaini ya mavi ya ng'ombe ilikuwa imeshuka taratibu hadi kwenye maji, na yeye alikuwa akiivuta kwa ndoo na kuwamiminia wageni kutoka Bahari ya Hindi.

"Nimewanywesha zizi," aliniambia, kwa aibu ya kweli. Tangu siku hiyo alitumia maji ya bomba yanayotoka Ziwa Victoria, tena baada ya kuyachuja mara tatu.

*

Alikuwa mzee wa kanisa, wa wale ambao hawagusi hata togwa iliyolala. Kwa hiyo alipoanza kununua chupa ndogo za pombe kali dukani kwa Mangi, habari zilifika kanisani kabla yake. Wazee watatu walimjia Jumapili baada ya ibada. Nilikuwapo kwa sababu nilikuwa nimefuata kahawa.

"Fundi, tumesikia," mkubwa wao alianza.

"Mmesikia kweli. Nainunua."

"Ya nini?"

"Ya vijidudu."

Akawaonyesha. Alivuta pombe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akadondosha matone machache ndani ya tangi. Akawaeleza kwamba kuna vijidudu vyema vinavyokula naitreti, na pombe kidogo inavipa nguvu ya kuzaliana, kisha mtambo wa povu, alioutengeneza kwa bomba la plastiki, unavitoa nje pamoja na vilichokula. Wazee walitazama matone yakipotea.

"Viko vingapi?" mmoja akauliza.

"Mabilioni."

"Na vyote vinalewa?"

Mama Pendo alicheka mpaka akashika mlango. Alikuwa na kicheko cha watu wa kwao, kinachoanza juu na kushuka ngazi moja moja. Wazee waliondoka wakiwa wamekubaliana kwamba vijidudu si washirika wa kanisa na hivyo hakuna hatua ya nidhamu ya kuvichukulia. Hiyo ndiyo sauti yake ninayopenda kuikumbuka, kabla ya yote.

*

Safari moja nilimfuata Buseresere, nikidai naandika makala kuhusu wachimbaji wadogo. Makala haijaandikwa hadi leo. Aliitwa kutazama friji kubwa ya mwanamke mmoja mwenye bucha, mjane, ambaye nyama yake yote ilikuwa humo. Fundi akapiga goti, akaikumbatia, akanyamazisha bucha nzima, akasimama.

"Imekufa, zika."

Mwanamke akaanza kulia palepale, mbele ya wateja. Nilimvuta Fundi pembeni. Nilimwambia angeweza kumpa tumaini kidogo, angeweza kusema itazamwe kesho.

"Nikimwambia kesho, nyama itaoza leo," akanijibu. "Mimi siwezi kumdanganya mtu kuhusu kitu kilichokufa." Kisha akaenda kwenye pikipiki, akafungua boksi lake mwenyewe la barafu, akamwachia. Hakulidai tena.

Vijana wa maduara, wale wanaoshuka kwenye mashimo ya dhahabu, walikuwa wamekaa kwenye benchi wakinywa soda. Mmoja aliona kwenye mkoba wa Fundi kile kiboksi cha kupimia, akasoma maandishi yake kwa sauti.

"Naitreti! Mzee, kumbe na wewe umo? Duara lako liko wapi?"

"Sina duara. Nina samaki."

"Unalipua samaki?"

"Nataka kuiondoa ndani ya maji. Imezidi."

Benchi zima likaangua kicheko. Kwao naitreti ni ile mbolea ya kupasulia miamba. "Kuiondoa!" kijana akasema. "Sisi tunaililia, mzee anaitupa! Tuletee hayo maji, tupasue mwamba kwa ndoo!"

Fundi naye akacheka. Halafu, akifunga mkoba, akasema bila kumtazama mtu, "Hata kwangu inapasua, ila polepole."

*

Jambo ambalo wateja wake hawakulijua, na ninaliandika sasa kwa sababu haliwezi kumdhuru tena, ni kwamba Fundi hakuzijua rangi. Nyekundu, machungwa, kijani, kwake zote zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Nyaya za friji alizitambua kwa mahali zilipokaa, miaka yote hiyo, na hakuwahi kuunguza nyumba ya mtu. Lakini kipimo cha naitreti ni cha rangi. Unachukua maji kwenye kichupa, unadondosha dawa, unatikisa, unasubiri, unalinganisha na kadi: njano ni tano, machungwa ni kumi au ishirini, nyekundu ni hamsini, na nyekundu ya damu nzito ni themanini na zaidi. Kila Jumamosi asubuhi Mama Pendo ndiye aliyemsomea. Alikuwa macho yake.

Jumamosi moja aliinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama kwa makini, akasema, "Bluu."

Kwenye kadi hakuna bluu.

Fundi alikuja ukutani kwangu siku hiyohiyo. Hakunieleza. Aliuliza tu, "Mwalimu, una macho?" Aliniita mwalimu ingawa sijawahi kumfundisha mtu chochote. Nikamwambia ninayo mawili. "Basi njoo na yote."

Nikawa msomaji wa kadi. Ni kazi pekee niliyowahi kufanya ambayo shahada yangu haikuiharibu. Nilimkuta Mama Pendo amekaa kwenye kochi, kanga imefungwa vizuri, anatabasamu, na nilipoinua kichupa kilikuwa cha rangi nzito ya machungwa. Nikafungua kinywa.

"Maji yanasemaje leo, baba?" Mama Pendo akaniuliza. "Mimi ndiye ninayewalisha, ujue. Fundi hajui kulisha, mkono wake mzito."

Nikamtazama Fundi. Alitikisa kichwa kidogo sana.

"Tano, mama," nikasema.

"Umeona!" akamgeukia mumewe. "Wangekufa kama ungewalisha wewe."

Baadaye uani, tukikoroga chumvi, akanieleza. Mkewe alikuwa anawalisha asubuhi, anakwenda jikoni, anarudi, anawaona samaki wamepanda juu kama samaki wote wanavyofanya mtu akisogea, anasema maskini hawajala, anawalisha tena. Halafu tena. Siku nyingine mara sita. Kila kopo la chakula lililomwagwa humo liligeuka naitreti.

"Mwambie," nikasema, kwa wepesi wa mtu asiyehusika.

"Nimwambie nini? Kwamba hakumbuki?" Akakoroga. "Jina langu linampotea asubuhi, anakaa nalo akilitafuta. Lakini mkono haujapotea njia ya kwenda kwenye kopo. Nimemleta huku pasipo bahari, halafu nimzuie kulisha samaki?"

Tukatengeneza utaratibu wetu. Kila Jumamosi nilisema kwa sauti, "Tano." Fundi alikaa kando yangu kwenye stuli, kiganja chake wazi chini ya meza, na mimi nilikibonyeza kwa kidole: kila mbonyezo, kumi. Mara mbili, ishirini. Mara tatu. Mama Pendo alipiga makofi. Mtu yule aliyemliza mjane Buseresere kwa sababu hawezi kudanganya, alikaa pale na uso mtulivu, akipokea ukweli kwenye ngozi ya mkono, akimshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja sana, mama, umetulishia vizuri."

Na hakukaa bure. Alichokuwa akifanya kilikuwa kazi ya watu watatu. Mwanzo alibadilisha maji mara moja kwa wiki, kisha mara mbili, kisha kila siku, ndoo kwa ndoo, mgongo ukimlalamikia. Aliongeza boksi la pili lenye taa ambamo aliotesha mwani, kwa sababu mwani nao unakula naitreti, akawa anauvuna kwa mkasi na kuupeleka kwenye mchicha. Aliongeza matone kwa vijidudu. Aliacha kazi za mbali. Wauza soda wa Masumbwe walimpigia simu akasema ana mgonjwa. Kila alichoingiza mkewe kwa mkono mmoja, yeye alikitoa kwa mikono miwili. Kwa karibu mwaka mzima namba ilisimama kati ya ishirini na thelathini, na lile tumbawe la zambarau halikufa. Nilianza kuamini angeshinda.

*

Pendo alikuja kutoka Geita akamkuta baba yake amelala sakafuni kando ya pipa, si kwa kuugua, kwa kuchoka. Nilisikia ukutani.

"Baba, funga hilo kopo kabatini. Basi! Mbona rahisi!"

"Si rahisi."

"Atasahau kwamba lilikuwapo."

"Hilo ndilo silitaki, mwanangu."

Pendo ni mtoto mwema na ana akili ya hospitali. Asubuhi ya safari yake, baba yake akiwa ametoka kwenda mjini kufuata bomba, alilifungia kopo kabatini, akaondoka na ufunguo.

Kwenye saa nne hivi Mama Pendo alikuja mlangoni kwangu. Alikuwa amehangaika, kanga upande mmoja imeshuka. Mke wangu alikuwa kazini.

"Baba, nina wageni," akaniambia. "Wamekaa tangu asubuhi, sina cha kuwapa. Naona aibu."

Sasa, kwetu huku mtu akikuambia ana wageni na hana cha kuwapa, humwulizi ni wageni gani. Humwulizi ni wangapi. Unaingia jikoni. Ndivyo nilivyolelewa, na chuo kikuu hakikuongeza wala kupunguza. Nilimpa sufuria la ugali wa asubuhi na bakuli zima la dagaa. Nilijisikia vizuri. Nilirudi kwenye makala yangu, ambayo, kama nakumbuka sawasawa, ilihusu ukarimu.

Fundi aliporudi harufu ilikuwa imefika barabarani. Maji yalikuwa meupe kama uji. Nilipoingia, alikuwa ameingiza mikono yote miwili hadi mabegani, akitoa ugali kwa chujio la chai, na Mama Pendo amesimama nyuma yake akisema kwa furaha, "Wamekula, Fundi. Wamekula wakashiba."

Nilipima jioni ile. Kichupa kilikuwa cha rangi ambayo kadi haina. Nilikishika kiganja chake, nikabonyeza, nikabonyeza, na nilipofika mara nane akakifunga kiganja chake na kidole changu kikiwa ndani.

"Mimi ndiye niliyempa," nikamwambia uani. "Aliniambia ana wageni."

"Ni kweli," akasema. "Anao."

Usiku uleule alilifungua kabati kwa bisibisi, akalirudisha kopo rafuni, na jambo lile hakulitaja tena. Ningefurahi angenitukana. Samaki wanne walikufa wiki hiyo. Lile tumbawe la zambarau lilianza kuwa jeupe kwenye ncha, kama vidole vya mtu aliyekanda unga, weupe ukashuka, na baada ya siku kumi lilikuwa jiwe. Fundi alilikumbatia kama friji, sikio kwenye kioo. Nilingoja aseme yale maneno yake mawili. Hayakutoka.

Nikiwa na hatia, nikapata wazo, na mawazo yangu huwa ni ya kuogopwa. Nilimshauri ajaze kopo chengachenga za kombe za baharini zilizosagwa na kuoshwa, ambazo haziozi. Mama alishe apendavyo, maji yasichafuke. Tulijipongeza siku mbili. Samaki watatu waliobaki walipanda, wakaokota, wakatema. Siku ya tatu hawakupanda. Mama Pendo alisimama mbele ya kioo na mkono juu, akimwaga, akimwaga, na samaki wamekaa nyuma ya mawe.

"Wameninunia," akasema. "Nimewakosea nini?" Na akaanza kuwaomba radhi, mmoja mmoja, kwa adabu ya watu wa kwao, akiita kila samaki bwana.

Fundi alilichukua kopo mkononi mwake taratibu, akaenda uani akamwaga zile kombe kwenye njia, akalijaza chakula halisi hadi juu, akamrudishia. Samaki wakapanda wote watatu. Usiku... hapana, sitasimulia nilichosikia ukutani. Asubuhi yake nilimwona anabeba ndoo.

*

Nilihamia Mwanza kwa kazi. Mke wangu alimfundisha mtu wa dukani kusoma kadi kwa niaba yangu, lakini Fundi, nasikia, alimwambia hana haja. Nilirudi baada ya miezi minane kufuata vitabu vyangu, siku ya Jumamosi, kabla jua halijawa kali.

Alikuwa amepungua. Tulisalimiana, akaniita mwalimu, akaniuliza kama nimekuja na macho yote. Tangi lilikuwa safi ajabu. Juu ya lile jiwe la zamani la matawi palikuwa na doa la zambarau, dogo kama ukucha, limeanza kutambaa upya. Nililionyesha kwa kidole kama mtoto. Aliitikia kwa kichwa kwamba ameliona. Akachota chakula kidogo kwa ncha za vidole viwili, kipimo chake cha siku zote, akawapa samaki. Wakala, wakamaliza, wakashuka.

"Nisomee," akasema.

Nilitikisa, nikasubiri, nikainua kichupa dirishani. Kilikuwa cha njano, njano ya maji ya limau.

"Tano," nikasema.

Alikuwa amekwisha kuweka kiganja chini ya meza. Nilikitafuta, nikakishika, sikuwa na cha kubonyeza.

"Tano ya kweli?"

"Ya kweli, Fundi. Umeiweza. Hongera!"

Alikiangalia kile kichupa ambacho rangi yake hakuweza kuiona.

"Tangu wiki ya Pasaka," akasema, "mama kopo analipita kama la jirani."

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mama Pendo alikuwa amevaa vizuri, nywele zimesukwa. Nilijua ni nani aliyezisuka, mistari ilikuwa imepinda. Alitutazama sisi wanaume wawili wazee kidogo kwa heshima yote, akainama.

"Shikamooni."

Mimi ni mdogo wake kwa miaka kumi na saba. Nilikuwa nikimwamkia kila asubuhi kwa miaka kumi na miwili. Fundi aliitika kwa ajili yetu.

"Marahaba, mama. Karibu."

Akasogea kwenye kioo, akasikiliza yale maji yanavyoanguka, akatabasamu kwa mbali. "Samaki wazuri," akasema. "Wa hapa kwenu?"

"Wa hapa."

"Wamekula?"

Nilikuwa nimewaona wakila muda mfupi uliopita. Fundi alisimama.

"Bado," akasema. "Bado kabisa." Akalitoa kopo rafuni, akalifungua, akamwekea mikononi.

Mama Pendo aliligeuza, akachungulia ndani. Kwa kitambo mkono wake uliinuka kidogo. Kisha akalirudisha, kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kikombe kwa mwenye nyumba.

"Walishe wewe, baba," akasema. "Mimi mgeni, nisije nikawakosesha."

Akaenda kukaa kwenye kochi, akapanga kanga magotini, akasubiri, kama mgeni anavyosubiri.

Fundi alibaki na kopo. Halafu akalimimina kiganjani, si kwa ncha za vidole, kiganja kizima kikajaa, kama alivyokuwa akifanya mkewe, akakifungua juu ya maji. Samaki wakapanda. Akajaza tena.

"Fundi, naitreti," nikamwambia.

"Acha," akasema, na mkono wake ulikuwa umeshajaa mara ya tatu. "Acha ipande."